Starehe ya Bustani: Ibada au Ghururi?

Watu wa nchi za baridi, ambao kila mwaka huiona ardhi yao ikifa kwa miezi kadhaa kisha ikafufuka, wameandika mengi juu ya raha ya kulima bustani ya nyumbani katika majira ya machipuko na ya joto. Sisi wa bonde la Mbwemkuru, tuliogawanywa baina ya Nachingwea na Ruangwa kwa mipaka ya serikali lakini tukaunganishwa na mto mmoja uendao kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi baina ya Kilwa na Lindi, hatuijui theluji wala machipuko ya namna hiyo. Walakini tunayo mauti yetu ya ardhi na ufufuo wake. Kiangazi chetu huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Novemba, nyasi zikakauka, moto ukatambaa porini, vijito vikabaki mchanga mtupu, na mikorosho peke yake ikawa na ukijani wa kujivunia. Hatupati vuli ya kututuliza katikati kama waipatavyo ndugu zetu wa Tanga na Unguja. Mvua yetu ni moja tu, huingia mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuaga Aprili, na yeyote ambaye hakuweka mbegu tayari kabla ya wingu la kwanza hana wa kumlaumu.

Mvua hiyo ikishanyesha, nyumba nyingi za huku hujikuta na kazi mbili. Ya kwanza ni ya shamba, palipo na mahindi, mtama, muhogo, mbaazi, na ufuta unaofuata baadaye, na hiyo haihitaji kutetewa kwa hoja yoyote, kwani tumbo na ada za shule huitetea. Ya pili ni ile ya kipande kidogo kilicho nyuma ya jiko, chenye matuta mawili ya matembele, mchicha uliojiotea, bamia, nyanya chungu, mboga inayotambaa mpaka kwenye paa la banda la kuku, mpapai unaonyweshwa maji ya kuoshea vyombo, na pengine shina la mrehani lisilomlipa mtu yeyote ila kwa kunuka vizuri. Kipande hiki hakimtajirishi mtu. Lakini mwenye nyumba akirudi kutoka shambani amechoka, na jembe bado liko begani, hupita kwanza hapo, akainama, akageuza jani kutazama kama kuna viwavi chini yake, akasimama kitambo bila kufanya lolote. Swali ninalotaka kulitafakari ni juu ya kitambo hicho: je, starehe ile aipatayo ni namna ya ibada, au ni ghururi ya dunia iliyovaa majani?

Swali si la mzaha, kwa kuwa wapo wacha Mungu waliolijibu kwa ukali. Hoja yao ina msingi katika Kitabu chenyewe, maana katika Surat al-Hadid maisha ya dunia yamepigiwa mfano wa mvua iliyootesha mimea ikawapendeza wakulima, kisha mimea hiyo ikanyauka, ikaonekana ya manjano, mwisho ikawa mapepe yaliyovunjikavunjika. Mwenye akili, wasema, hafungi moyo wake kwa kitu ambacho mwisho wake umekwisha kutangazwa. Na mtu wa Mbwemkuru hawezi kudai kwamba hakupata ushahidi, kwa sababu mfano huo huonyeshwa mbele ya macho yake kila mwaka: mlenda uliokuwa umejaa pembezoni mwa ua mwezi wa Februari huwa vijiti vikavu mwezi wa Juni.

Tena ardhi ya huku ina ushahidi mwingine ulio mkubwa zaidi. Katika kilima cha Tendaguru, kusini ya mto huu huu, wataalamu wa Kijerumani walichimba baina ya 1909 na 1913 mifupa ya wanyama wa kale wasiokuwa na mfano katika siku zetu, walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Na wapagazi wa nchi hii wakaibeba mifupa hiyo, zaidi ya tani 200 kwa jumla, kwa mwendo wa siku nne hadi pwani ya Lindi ili ipakiwe melini kwenda Berlin, ambako mmoja wa wanyama hao amesimamishwa mpaka leo, kichwa chake kikigusa kimo cha ghorofa kadhaa. Ikiwa viumbe wale, ambao nyayo zao zilitikisa ardhi, wamekuwa mawe, basi mtu anayefurahia tuta la mchicha juu ya udongo ule ule, wenye kukataza watauliza, anafurahia nini?

Hoja hii ina nguvu, nami siwezi kuipita kwa kuruka. Hata hivyo, tukiitazama kwa utulivu tutaona kwamba imethibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba bustani haidumu. Haijathibitisha kwamba kufurahia kisichodumu ni dhambi. Mfano wa aya ile haukusema kwamba wakulima walikosea kwa kupendezwa na mimea yao. Umewakumbusha kwamba kitakuja kipindi cha manjano, na ukumbusho huo hauna maana kwa mtu ambaye hakupata kupendezwa na kitu chochote. Aliyepita njiani bila kugeuza shingo haondokewi na kitu bamia zinapokauka. Ni yule aliyezipanda, akazipalilia, akazipenda, ndiye anayeusoma mfano ule kwa macho mawili.

Wapo waliolijibu swali letu kwa upande wa pili. Katika mji wa Athens, yapata 306 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mwanafalsafa Epikuro alinunua bustani akaifanya madrasa yake, hata wafuasi wake wakajulikana kwa jina la watu wa Bustani. Adui zake walimzushia ulafi, lakini mafundisho yake yalikuwa ya kanaa: raha ndiyo shabaha ya maisha, na raha iliyo kuu ni mwili usio na maumivu na nafsi isiyo na wasiwasi, ambayo mtu huweza kuipata kwa mkate na maji na marafiki wachache. Namheshimu kwa kutufundisha kwamba furaha ndogo si furaha duni. Lakini nadhani bustani yake aliitumia zaidi kwa kukaa na kuzungumza, kwa sababu mwenye kulima hasa hataikubali tafsiri ile ya raha kuwa ni kutokuwa na wasiwasi. Bustani ni chimbuko la wasiwasi. Panzi huja, kuku wa jirani huja, mbuzi aliyekata kamba huja. Jua la Januari, mvua inapokatika wiki mbili tatu, hukausha miche iliyokuwa imeshikilia udongo kwa mzizi mmoja. Mwenye kutafuta utulivu usio na dosari na akae barazani. Aliye bustanini anapata kitu kingine, na kitu hicho hakitenganiki na jasho wala na hofu.

Aliyenisaidia kukitambua ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111 wa Miladi. Katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, pale anapozungumza juu ya hofu na matumaini, huutwaa mfano wake kutoka shambani. Mtu aliyetafuta ardhi njema, akatia humo mbegu isiyooza, akaipa maji kwa wakati wake, akang'oa miiba na magugu, kisha akaketi kungoja fadhila ya Mungu ya kuondosha radi na maafa, kungoja kwake ndiko kunakostahili kuitwa rajaa, yaani matumaini. Aliyetupa mbegu katika ardhi ya chumvi iliyoinuka isiyofikiwa na maji, kisha akangoja mavuno, huyo ana ghururi na upumbavu. Na aliyetupa mbegu katika ardhi njema isiyo na maji akaitazamia mvua mahali ambapo mvua si kawaida yake, huyo ana matamanio tu. Watu watatu wanangoja, na kwa nje wanafanana kabisa. Kinachowatofautisha ni yale waliyoyatenda kabla ya kungoja.

Hapa ndipo ninapoiona siri ya kile kitambo cha nyuma ya jiko. Starehe ya bustani ni starehe ya rajaa. Ni hali ya mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake kwa njia ya halali, yaani kwa kuutumia wote, na sasa amesimama mpakani akitazama kazi isiyokuwa yake ikitendeka. Uvivu hauufikii mpaka huo, kwa sababu umeketi mbali nyuma yake. Kiburi nacho hakiuoni, kwa sababu kinadhani mpaka hakuna.

Natoa ushahidi wa ua la boga, kwa kuwa ndilo funzo lililo karibu zaidi na kila mlango. Mche wa boga hutoa maua ya namna mbili. Ua la kiume husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua la kike huwa na kiboga kidogo, kama ushanga wa kijani, tayari chini ya shingo yake. Maua yote mawili hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, na ua la kike likishajifunga halifunguki tena. Katika saa zile chache lazima nyuki aingie katika ua la kiume, ajipake unga wake, kisha aende katika la kike. Asipokwenda, kile kiboga hugeuka njano, hulainika, na baada ya siku kadhaa hudondoka chenyewe. Bibi mwenye bustani amekwisha kufanya yake: mbegu alizihifadhi tangu mwaka jana kwa kuzikausha na kuzichanganya na majivu, shimo alilitia samadi ya mbuzi, majani machanga ameyachuma kwa kiasi, akayamenya nyuzi za vikonyo, akayapika kwa karanga zilizotwangwa, huku akichunga asiyachume yote mche ukadhoofika. Lakini nyuki si yeye aliyemwita. Anaweza kupanda mrehani karibu ili nyuki wapende kupita. Amri ya kupita haimo mkononi mwake.

Mtu mbishi ataniambia kwamba ua la boga laweza kupandishwa kwa mkono, na ni kweli, kama wakulima wa Madina walivyokuwa wakiipandisha mitende yao. Tena imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotoa kauli iliyowafanya waache kuipandisha, na mavuno yakapungua, aliwaambia kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Riwaya hiyo inaikamilisha hoja yangu. Tawakali haikuwekwa ili ichukue mahali pa ujuzi. Mpaka wa mwanadamu husogea mbele kila anapojifunza, na ni wajibu wake kuusogeza. Ila hata aliyepandisha ua kwa mkono wake hujikuta jioni amesimama kwenye mpaka mwingine, akingoja kuona kama kiboga kitashika.

Wakristo wenzetu wanalo fundisho lililo jirani na hili. Mtume Paulo, alipopata habari kwamba Wakorintho wanagombania waalimu wao, aliwakumbusha kwamba mmoja alipanda na mwingine akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Na watawa wa Mtakatifu Benedikto, waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, si mbali kutoka hapa, wamefungwa na kanuni inayoiweka kazi ya mikono ndani ya siku moja na sala bila kuifanya kuwa mapumziko ya sala. Na kabla ya msikiti na kanisa, wazee wa nchi hizi za kusini walikuwa wakimwaga unga chini ya mti kabla ya kuingia katika mambo makubwa. Imani zao hazikuwa moja na yetu, lakini nao walikiri kwamba katika kazi ya ardhi kuna fungu la mtu na kuna fungu lisilokuwa la mtu.

Basi kama starehe hii ni njema, ghururi iko wapi? Surat al-Kahf inasimulia habari za watu wawili, mmoja wao alipewa bustani mbili za mizabibu zilizozungukwa na mitende, na mimea katikati, na mto ukipita ndani yake. Aliingia bustanini mwake huku akijidhulumu, akasema kwamba hadhani bustani ile itaharibika kamwe. Na alipozungukwa na maafa alibaki akigeuzageuza viganja vyake kwa majuto ya yale aliyoyagharimia. Mwenzake hakumlaumu kwa kuwa na bustani wala kwa kuifurahia. Alimlaumu kwa kuingia ndani yake bila kutaja kwamba ni matakwa ya Mungu na kwamba hakuna nguvu ila kwake.

Nachingwea inalo simulizi lake la bustani kama hiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ulibuniwa mradi wa kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3 za Afrika ya Mashariki, nyingi zikiwa Tanganyika. Wachunguzi walizunguka nchi mwaka 1946 kwa majuma machache, sehemu kubwa wakiitazama kutoka ndegeni. Kazi ilianza 1947. Mashine zikaletwa, nyingine zikiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikawa majina ya kutajwa katika Bunge la London. Huko Kongwa mvua ilikuwa haba, na udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Huku kwetu pori lilikuwa zito, na kila kitu kilisubiri bandari ya Mtwara na reli ya kuja Nachingwea vijengwe. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara yake ilihesabiwa kuwa takriban pauni milioni 36. Reli yenyewe iling'olewa baada ya uhuru. Bandari imebaki, na ni haki kusema kwamba imetufaa.

Nimelitaja jambo hili kwa sababu linasahihisha dhana iliyoenea, kwamba ghururi ni dhambi ya wavivu. Wale hawakuwa wavivu. Waliamka mapema, walipata homa, walifanya kazi za kuvunja mgongo. Kilichowapungukia ni lile sharti la kwanza la Ghazali, la kuijua ardhi kabla ya kuitia mbegu. Na palipokosekana hilo, bidii yote iliyofuata ilikuwa ni kumwagilia maji katika ardhi ya chumvi kwa haraka zaidi. Mkulima wa Kimwera aliyekuwa akipanda karanga zake kando ya nyumba, kwa kiasi alichoweza kukipitia kwa miguu kila siku, alikuwa na elimu ambayo haikuulizwa.

Wala nisidhaniwe nasema kwamba kidogo ni chema na kikubwa ni kibaya. Korosho na ufuta ndivyo vinavyojenga nyumba za huku. Mazao hayo hupelekwa chama cha msingi, yakapimwa, yakaingia ghalani kwa stakabadhi, yakanadiwa chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Na mkulima aliyetaabika hupata bei aliyoisikia ikitangazwa. Hiyo ni ijara, na ijara ni haki. Ila mahali ambapo kila kilo ina bei, moyo hupata shida kuliona lile fungu lisilo letu, kwa sababu mizani hutuonyesha jumla bila kututajia nani alileta nini. Kipande cha nyuma ya jiko hakina mizani. Sufuria ikizidi, mtoto hutumwa kwa jirani na bakuli la majani ya kunde, naye jirani hulirudisha bakuli siku nyingine likiwa na bamia, kwani si adabu bakuli kurudi tupu. Ndiyo maana mtu huyu huyu, mwenye ekari kumi za mikorosho, husimama kutafakari mbele ya matuta mawili ya matembele.

Limebaki swali gumu kuliko yote. Tuseme mtu ametimiza kila sharti, ameijua ardhi yake, amepalilia, amemshukuru Mungu, kisha usiku mmoja tembo watokao mapori ya upande wa Liwale wakaingia na kukanyaga kila kitu. Au ni kiangazi, na mama amechimba kisima mchangani katika kijito kinachoingia Mbwemkuru, akachota maji kwa kata alfajiri na magharibi kwa ajili ya nyanya zake za bondeni, nguruwe pori wakazimaliza zikiwa karibu kuiva. Je, rajaa yake ilikuwa ya uongo?

Sipendi majibu ya haraka juu ya msiba wa mtu, na mwenye njaa hapewi falsafa. Apewe chakula kwanza, na wenye mamlaka juu ya wanyamapori wamtimizie haki yake. Lakini kuhusu starehe aliyokwisha kuipata, nadhani tembo hawakuweza kuila. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Na imepokewa kutoka kwake pia kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu kuna mche, basi akiweza kuupanda na aupande. Zingatia ukubwa wa agizo hilo: mche huo hautatoa kivuli, hautazaa, hakuna atakayeula, na siku ya manjano ya mwisho imekwisha kufika; na bado kupanda ni kazi yenye maana. Kwa hiyo thamani ya tendo haikuwa imewekwa katika mavuno peke yake. Kama thamani haikuwa huko, basi na furaha halali ya tendo haikuwa huko peke yake.

Hivyo nawajibu wale wenye kukataza kwa maneno yao wenyewe. Mnasema bustani itanyauka. Nasi tunakubali, na tunapanda tukijua. Mnahofia kwamba moyo utafungwa na majani. Na kweli utafungwa, ikiwa mwenye bustani atasema kwamba haya ni yangu na hayataharibika. Lakini asemaye kwamba sehemu yangu nimeimaliza na iliyobaki namwachia Mwenyewe, na akaisema kauli hiyo akiwa na udongo kucheni, huyo amefanya kwa mikono jambo lile lile analolifanya kwa ulimi anapokunjua msala. Starehe aipatayo hapo si malipo ya ibada wala si mapumziko yake. Ni alama ya kwamba ibada imefanyika. Na asiyeipata, ingawa bustani yake imestawi kuliko za wengine, ana sababu ya kurudi kuichunguza nia yake kabla ya kulichunguza jembe lake.